Kabla Hujanunua Sindano ya Milioni, Uliza Mkono Una Gramu Ngapi

Santuri zimerudi mjini kwa kishindo. Ingia sebuleni kwa staa yeyote anayejiweza, pembeni ya tivii ya inchi 75 utaikuta mashine ya santuri imekaa kama mgeni rasmi, taa ya zambarau inaimulika, na kava la santuri limeegeshwa makusudi ili lionekane kwenye picha. Mbele huko nako mambo ni hayo hayo. Marekani mwaka 2020 santuri ziliingiza hela nyingi kuliko CD, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu miaka ya 1980. Technics waliacha kutengeneza mashine yao maarufu ya SL-1200 mwaka 2010, wakaona watu bado wanaililia, wakairudisha sokoni 2016.

Kwa hiyo ishu siyo santuri kurudi. Hiyo ni fresh kabisa. Ishu ni kwamba watu wananunua mashine kama wanavyonunua raba: wanaangalia rangi, wanaangalia bei, wanaangalia nani mwingine anayo. Kitu kinachoamua kama mziki utatoka vizuri au santuri italiwa taratibu mpaka iishe hakuna anayekiuliza. Kitu chenyewe ni mkono.

MKONO NDIYO NINI?

Kwa wale waliozaliwa flashi zikiwa zimeshaingia mjini: mashine ya santuri ina sahani inayozunguka, na pembeni yake kuna mkono. Mwisho wa mkono kuna kidude kinaitwa katriji, na chini ya katriji ndiyo kuna sindano. Sindano inapita kwenye mfereji wa santuri, inatetemeka, katriji inageuza ule mtetemo kuwa umeme, ampli inaukuza, spika zinaimba. Basi.

Macho ya watu yote yapo kwenye katriji, kwa sababu ndiyo yenye jina na ndiyo yenye bei ya kutishia. Mkono unaonekana kama bomba tu la kushikia. Hapo ndipo watu wanapopigwa, tena mchana kweupe.

STAA NA SANTURI YA BABU YAKE

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, miezi kadhaa iliyopita alitupia video iliyotrendi siku mbili nzima. Babu yake mzaa mama enzi zake aliimba kwenye bendi ya dansi. Wakubwa wanajua, zamani hizo bendi za Bongo zilirekodi redioni, na bendi iliyotaka santuri ilivuka mpaka mpaka Nairobi ambako viwanda vilikuwepo. Huyo babu alivuka. Kikatoka kisanturi kidogo cha inchi 7, nyimbo mbili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili.

Babu alishafariki. Bendi ilishakufa. YouTube wimbo haupo. Ukoo mzima umebaki na nakala moja, na aliyeitunza miaka yote ni bibi, kabatini, imeviringishwa kwenye kanga.

Staa akamwomba bibi ile santuri, akaenda nayo hewani. Mashine ya miaka ya 1970, nzito, ya maana. Katriji mpya kabisa, imemtoka milioni moja na ushee. Akaweka santuri, akashusha sindano. Sekunde kama kumi sauti ya babu ikasikika, watu wakaanza kutupia vimoyo. Halafu sindano ikaruka. Ikarudi. Ikaruka tena. Spika zikawa zinapumua mbele nyuma kama kifua cha mtu aliyetoka kukimbizwa, wakati hata besi haijaanza. Staa akacheka cheko la aibu, akatoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akaiweka juu ya kichwa cha mkono. Sindano ikatulia. Mashabiki wakashangilia kinoma: mwana ana akili!

Mitandao ikawaka. Wa kwanza wakasema mashine mbovu. Wa pili wakasema santuri imechakaa, itupwe. Wa tatu wakasema hamna lolote, anatafuta kiki. Wote walikosea. Mashine ilikuwa nzima. Katriji ilikuwa nzima, tena nzuri. Santuri ilikuwa imepinda kidogo tu, kama santuri nyingi za Dar zilivyopindishwa na joto. Kilichokosekana ni ndoa kati ya katriji na mkono. Na ushahidi aliutoa staa mwenyewe, maana vipimo vya vyote viwili aliviandika kwenye maelezo ya video akijisifia.

SHOKAPU NA BODI

Fikiria gari. Ndani ya katriji, sindano imepachikwa kwenye kijiti chembamba, na kijiti kimeshikwa na kipande cha mpira. Ule mpira ndiyo shokapu. Katriji nyingine mpira wake ni laini, sindano inanesa kirahisi. Nyingine mpira ni mgumu, hainesi hovyo. Kunesa huko kuna namba, na namba imeandikwa kwenye karatasi ya katriji. Namba kubwa maana yake laini, namba ndogo maana yake ngumu. Ortofon 2M Red, katriji ya Wadenishi inayopendwa na wanaoanza, ina namba 20. Denon DL-103, ya Wajapani, ambayo ipo tangu miaka ya 1960 na mpaka leo inauzwa, karatasi yake imeandikwa 5.

Upande wa pili, mkono ndiyo bodi ya gari. Nao una gramu zake, ila siyo zile utakazopata ukiutupa kwenye mizani ya nyama. Ni ule uzito ambao sindano inausikia inapojaribu kuusukuma mkono. Mkono wa Technics SL-1200MK2, mashine ya madj dunia nzima, ni gramu 12. Ipo mikono ya zamani inayopita 20, na ipo mwembamba usiofika 8.

Sasa funga shokapu za Vitz chini ya Fuso, uone. Likipita tuta moja litanesa mpaka Chalinze. Fanya kinyume, funga shokapu za Fuso chini ya Vitz, kila kokoto utalisikia mgongoni. Vyote ni vizuri, kila kimoja kwenye gari lake.

Mkono na katriji vikikutana vinakuwa na mneso wao wa asili, yaani mara ngapi vinapenda kunesa kwa sekunde. Unapimwa kwa hezi. Unatakiwa uwe kati ya 8 na 12. Kwa nini hapo? Kwa sababu chini ya hapo, kuanzia hezi moja mpaka sita hivi, ndipo yanapokaa mawimbi ya santuri iliyopinda pamoja na vishindo vya watu wanaotembea sebuleni. Juu ya hapo, kwenye 20 kwenda mbele, mziki wenyewe unaanza na besi zake. Katikati pana kichochoro kitupu. Mneso ukikaa kwenye kichochoro, haumsumbui mtu. Ukitoka humo, ni vurugu.

HESABU NI YA DARASA LA SABA

Chukua gramu za mkono, jumlisha gramu za katriji, jumlisha na skrubu zake. Jibu lizidishe na namba ya kunesa. Tafuta kipeuo cha pili. Kisha chukua 159 ugawe kwa hicho kipeuo. Kalkuleta ya simu inatosha.

Jaribu na SL-1200MK2 ikiwa na 2M Red. Mkono 12, katriji 7.2, skrubu nusu gramu: 19.7. Zidisha kwa 20 ni 394. Kipeuo chake ni karibu 19.8. Gawa 159 kwa hapo unapata hezi 8. Imepita, ingawa kwa kugusa mstari.

Sasa ya staa. Mkono gramu 25, katriji na skrubu zake gramu 7: jumla 32. Katriji yenyewe laini sana, namba 30. Ukizidisha unapata 960, kipeuo karibu 31, na mwisho wa siku hezi 5. Yaani pale pale santuri iliyopinda inapopiga! Kila sahani ilipozunguka, lile pindo lilikuwa linausukuma mkono kwa mwendo ule ule ambao mkono wenyewe unapenda kunesa. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea, ukilenga muda wake hahitaji nguvu, anapaa mwenyewe. Ndiyo maana spika zilikuwa zinapumua bila besi.

Na ile sarafu iliyoshangiliwa? Hiyo ndiyo iliyoharibu. Ni kweli sindano iliacha kuruka, kwa sababu ilikandamizwa. Lakini sarafu nayo ni uzito mbele ya mkono, kwa hiyo mneso uliteremka zaidi badala ya kupanda. Halafu sindano iliyotengenezwa kubeba gramu moja na nusu ikabebeshwa mara kadhaa ya hapo. Mpira ukalala, sindano ikakwama kwenye mfereji kama jembe. Kisanturi kile kinazunguka mara 45 kwa dakika, na kila mzunguko ulikuwa unakwangua sauti ya babu. Alipotupia video ya pili wiki iliyofuata, kiitikio kilikuwa na mkwaruzo ambao kwenye video ya kwanza haupo. Waliozihifadhi zote mbili wazisikilize.

Hapo ndipo utani unapoisha. Simu ikiibiwa inanunuliwa nyingine. Sauti ile hainunuliki.

DJ NAYE ALIKUWA NA DAWA YAKE

Kwenye ule mjadala akaingia DJ mmoja mkubwa wa klabu za Masaki, akasema watu wanajisumbua na hesabu, dawa ni kufunga katriji ya DJ, zile hazizingui. Kusema ukweli ana nusu ya haki. Katriji za DJ ni ngumu, zinabebeshwa mpaka gramu 3 au 4, zinavumilia kurudishwa nyuma na kukwaruzwa, na kwenye mkono wa gramu 12 zinakaa freshi. Klabu ambako sakafu nzima inaruka, hakuna kama hizo.

Lakini santuri za klabu ni kifaa cha kazi, zikichakaa unaagiza nyingine. Santuri iliyobaki moja duniani ya nini kuitwisha gramu 4, wakati ipo sindano inayofanya kazi hiyo hiyo kwa gramu 1.8? Ushauri wa kazini siyo lazima uwe ushauri wa nyumbani.

Na hapo kuna mtego mwingine ambao hata wanaojua hesabu wanauingia. Wajapani wengi hupima kunesa kwa hezi 100, wakati hesabu hii inataka kipimo cha hezi 10. Ndiyo maana DL-103 inaandikwa 5. Ukiipigia hesabu na 5 kwenye mkono wa SL-1200MK2 unapata zaidi ya hezi 15, unasema haifai, unaiacha dukani. Kumbe kwa kipimo cha hezi 10, namba ya namna hiyo huongezeka, mara nyingi kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Ukiweka 10 unapata hezi 11, ipo ndani ya kichochoro. Soma karatasi mpaka mwisho, wamiliki wa duka hawatakusomea.

MUME ASIYEENDANA

Staa, kwa sifa yake, hakuishia kwenye sarafu. Baada ya ule mkwaruzo alipelekwa Kariakoo kwa fundi mmoja mzee aliyeanza kushika mashine hizi kabla wazazi wa staa hawajaoana. Alisimulia mwenyewe laivu.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeleta mashine, inarusha sindano."

"Marahaba mwanangu. Mkono wake gramu ngapi?"

Staa hakujua kama hilo ni swali. Mzee akaigeuza katriji kwenye mwanga, akatabasamu.

"Sindano hii binti mzuri sana. Ila umemwozesha kwa mume asiyeendana naye."

"Kwa hiyo nibadilishe mashine?"

"Mashine imekukosea nini? Mtafutie mkono mke wa saizi yake. Hii kamuuzie mwenye mkono mwepesi, hela yako itarudi."

Akafungiwa katriji ngumu, namba 10, bei chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mkono ule ule wa gramu 25, jumla ile ile ya 32, na hesabu ikatoa karibu hezi 9. Sarafu ikarudi mfukoni. Santuri iliyopinda ikapita bila kuruka. Mkwaruzo wa kwenye kiitikio lakini umebaki, na huo hakuna fundi wa kuutoa.

SASA NYUMBANI UCHUKUE MKONO GANI?

Hapa watu wataanza kubishana, na wabishane tu. Kwa nyumba nyingi za Bongo, Zanzibar na Mombasa, mkono wa maana ni wa uzito wa kati, gramu 10 mpaka 14, ambao kichwa chake kinachomoka na urefu wake unapanda na kushuka. Sababu ni moja: kabati la bibi limechanganya. Utakuta LP, utakuta vile visanturi vya inchi 7, na kwa familia za pwani unaweza kukuta hata zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78. Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, na za enzi hizo ndiyo za aina hiyo. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano nene karibu mara nne ya sindano ya LP. Ukiweka ya LP inazama chini, inazurura kwenye vumbi la mfereji. Kichwa kikiwa kinachomoka, unakuwa na vichwa viwili vimeshafungwa, unabadilisha kama unavyobadilisha balbu. Ila hakikisha na mashine yenyewe ina spidi ya 78, nyingi hazina.

Kuna watakaosema mikono iliyonyooka isiyochomoka kichwa, kama ya Rega ya Uingereza, ni imara zaidi na sauti yake ni safi. Ni kweli, kiungo kikipungua na mtikisiko unapungua. Kama unanunua LP mpya tu na katriji yako ni moja, chukua hiyo, hutajuta. Lakini kupandisha mkono wa Rega mpaka uweke vipande chini yake, na kubadili katriji ni kazi ya bisibisi na presha. Kwa kabati la bibi, hapana.

Na usidhani mkono unahamishwa kutoka mashine hii kwenda ile kama kioo cha bodaboda. Kila mkono una umbali wake kutoka kwenye egemeo lake mpaka katikati ya sahani. SL-1200 ni milimita 215, Rega ni 222. Tofauti ni milimita 7 tu, lakini ukizipuuza sindano inapita kwenye mfereji ikiwa imekaa upande, na waimbaji wote wanaanza kusema "s" kama nyoka.

Halafu kuna vile vimashine vya kisanduku vinavyojaa mitandaoni, vya rangi ya pinki na bluu. Kwa kuanzia kusikiliza siyo dhambi. Lakini vingi mkono wake hauna uzito wa nyuma wa kurekebisha, na sindano hubebeshwa gramu 5 hivi kiwandani, upende usipende. Cheza santuri uliyonunua juzi. Ya babu usiweke.

Vilivyobaki ni vya bei ya chipsi: kimizani kidogo kama cha masonara cha kupimia mzigo wa sindano, na pimamaji ya kuhakikisha mashine imelala sawa. Mwenye mashine ya milioni tatu asiye na kimizani ni sawa na mwenye gari lisilo na dashibodi.

MASTAA, MNASIKILIZWA

Mastaa wakitupia mashine, vijana elfu wanaenda kununua. Hiyo nguvu siyo ndogo. Badala ya kuandika bei, andikeni gramu. Badala ya kuonyesha ujanja wa sarafu, onyesheni kimizani. Kwa sababu yupo kijana Tandika au Kisauni ambaye leo atamwiga staa, atachukua santuri ya shangazi yake, ataweka sarafu juu, na sauti ya mtu itaondoka nyumba ile moja kwa moja bila mtu kujua imeondoka lini.

Na wale waliosema santuri ya babu itupwe, wajiulize wao kwao wamebakiza sauti ya nani.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla ya kwenda kula bata, pita kwa bibi. Muulize kwa adabu kabatini kuna nini. Ukikuta santuri, isimamishe wima mbali na jua, usiiweke kwenye mashine ya mtu kwa sababu tu inang'aa. Uliza mkono gramu ngapi, katriji inanesa kwa namba ngapi, piga hesabu mpaka upate kati ya 8 na 12. Ikikaa sawa, icheze mara moja, irekodi kwenye kompyuta, ukoo mzima upate nakala, kisha irudishe kwenye kanga yake.

Wewe kwenu ipo santuri ya nani, na mkono wa mashine yako una gramu ngapi? Dondosha komenti hapo chini. Wenye namba ndiyo watajibiwa kwanza.